Moshi wa jikoni na mtoto aliye mgongoni

Julai hii baridi ya Songea haina mzaha, na jioni kila mtu anajisogeza jikoni. Wiki iliyopita nilimkuta mdogo wangu, Lizaboni, kabandika maharage kwenye mafiga, mtoto mgongoni na mimba ya miezi sita. Nikamwomba amshushe mtoto. Mama mkwe wake akanijibu: "Mwanangu, sisi wote tumekulia kwenye moshi. Mbona tupo?"

Ni swali la haki, mzazi mwenzangu. Kulijibu sawasawa, ungechukua watoto wawili, mmoja umkuze kwenye moshi na mwingine kwenye hewa safi, kisha upime mapafu yao. Nani atamtoa mwanawe? Ndiyo maana watafiti hutumia panya.

Huko São Paulo, Brazil, panya waliwekwa kwenye vyumba viwili. Kimoja kilipata hewa iliyochujwa, kingine hewa ya mtaani yenye moshi wa magari. Wengine waliivuta kuanzia kwa mama zao, wengine baada ya kuzaliwa tu. Matokeo yalitoka mwaka 2008: walioathirika wazi ni wale walioivuta tumboni na wakaendelea nayo baada ya kuzaliwa. Mapafu yao hayakukua vizuri na hayakuweza kujaa hewa kama ya wenzao.

Tumboni, kisha mgongoni. Hapo ndipo nilipomfikiria mdogo wangu.

Kweli, panya si mtoto, na moshi wa gari si wa kuni. Lakini moshi wa kuni nao una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na vifuko vya hewa vya mtoto, kama vya panya, huendelea kuongezeka baada ya kuzaliwa.

Serikali inalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa mtungi wa gesi pale kwa mdogo wangu unajazwa fedha ikipatikana. Tukakubaliana maharage yalowekwe usiku yaive upesi, kuni ziwe kavu, na mafiga yahamie nje chini ya bati. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuota moto. Gesi yake haina harufu na inaua.

"Na hao panya?" akauliza mama mkwe.

"Walikufa, mama. Mapafu yao yalipimwa."

Akanyamaza, kisha akaanza kufungua mbeleko.