Kompyuta Isiyo na Mwenye Nyumba

Oktoba 2025, mfumo uliokuwa ukiiendesha kompyuta yangu ulikoma kuhudumiwa bure na wenyewe. Fundi mmoja akanambia, "Mzee wangu, nunua nyingine." Kwa pesa gani? Na mashairi yangu ya miaka yamo humo humo.

Kijana wa mtaani akanitilia Ubuntu, asilipe mtu hata senti. Kiini chake, Linux, alikianza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. Ubuntu wenyewe ukatoka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Lakini, msomaji, usidhani utamu wake ni ubure tu. Maandishi ya programu yake yako wazi: ajuaye huyasoma, huyarekebisha, akampa mwenziwe. Chuoni nasi tulisomeshwa hivyo, mwalimu hakutuficha herufi. Katika ule wa kwanza nilikuwa mpangaji, na ufunguo wa chumba cha ndani anao mwenye nyumba peke yake.

Taabu haikukosa. Printa iligoma siku mbili nzima! Kijana akarudi, akapekuapekua, akaipata dawa yake. Na magharibi ile nikachapa shairi.