«Facultatif» ni uongo: waseme insha iko na pointi ngapi



Kila mwaka ni ile ile. Burse inatangazwa, lien inazunguka kwenye magroupe ya WhatsApp, tunakimbia kwenye cyber. Tunajaza majina, cote, attestation. Halafu chini kabisa kuna kisanduku kimoja: insha, facultatif. Na sisi tunaoamini maneno vile yameandikwa, tunakiacha wazi.

Mmoja wetu alikiacha wazi. Alikuwa na distinction, courant imekatika, mega zinaisha. Akasema: kama haiko lazima, ya nini nijichoshe? Mwenzake wa auditoire moja, mwenye cote za chini, aliandika ukurasa mmoja juu ya kubeba bidon za maji kutoka ziwani kabla ya kwenda kusoma. Huyo njo alipanda ndege. Hatumwonei wivu. Lakini kama ni insha ilimpandisha, hakuna aliyetuambia, na hapo njo hasira yetu inaanzia.

Hii haiko ya kwetu peke yake. Marekani, mwaka 2016, sehemu ya kuandika insha katika mtihani wa SAT iligeuzwa kuwa ya hiari. Hiari gani? Vyuo kadhaa viliendelea kuidai; Harvard na Yale waliacha 2018 tu, na 2021 sehemu yenyewe ikafutwa. Miaka ile yote neno «hiari» lilikuwa na maana mbili: moja kwa mtoto mwenye mshauri wa kumnong'oneza «andika tu», ingine kwa mtoto asiye na mtu.

Watatujibu kwamba insha inamupa maskini nafasi ya kujieleza. Ni kweli, na hatuombi ifutwe. Mwaka 2020 fomu ya Common Application iliongeza kisanduku cha maneno 250 juu ya Covid: aliyepigwa na janga aeleze, mwingine apite. Hiyo ni hiari ya kweli, maana inasema ni ya nini. Lakini nafasi ikibaki moja, dossier mbili zina cote sawa, moja iko na ukurasa na ingine iko tupu, nani atachaguliwa? Commission inajua. Candidat peke yake njo hajui.

Basi ninyi mnaotoa burse, Kinshasa, Bukavu, Goma ama ng'ambo, andikeni kwenye tangazo: insha iko na pointi ngapi? Nani anaisoma? Asiyeandika anapoteza nini? Mkishindwa kujibu, iwekeni lazima kwa wote, na delai ndefu, ju huku courant haiji kila siku.

Na wewe ndugu, dada, mpaka wajibu, usiache kile kisanduku wazi. Usikopi ya mtu kwenye intaneti, wanaijua. Andika avenue yako, andika mwaka uliokaa nyumbani na diplôme mkononi. Na mwenye courant usiku huu afungulie wenzake mlango, waje na telefone zao.