Sandwichi ya Uyoga Isiyo na Divai



Mdogo wangu aliyeolewa San Francisco, Marekani, alinipigia simu majuzi, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Kila Jumamosi alikuwa akipitia North Beach, mtaa wa Waitaliano, kununua sandwichi. Nyama zilizokuwamo aliziepuka, nyingi zikiwa za nguruwe, akachagua ya uyoga na kuona amesalimika. Miaka miwili ikapita. Siku moja akamwuliza mpishi siri ya ladha ile, naye akamjibu kwa bashasha kwamba ni gilasi ya divai nyeupe.

Nilimwambia asijilaumu kwa asilolijua. Wapo wasemao kuwa moto huondoa kileo chote. Si kweli, sehemu yake hubaki chakulani. Akaniuliza, "Basi dada, nile nini?" Nikaingia jikoni.

Mtaa ule uliteketea katika moto uliofuata tetemeko la mwaka 1906, na Waitaliano wakaujenga upya. Wengi wao walitoka Liguria, pwani ya Genova, wakaja na mkate wao wa fokacha: mpana, wa hamira, ulionyweshwa mafuta ya zeituni. Liguria Bakery inauoka huko tangu mwaka 1911, na mnunuzi hufungiwa wake kwa karatasi na uzi.

Kwa watu wanne, kanda nusu kilo ya unga wa ngano kwa vijiko vidogo viwili vya hamira, viwili vya chumvi, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya zeituni, na maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu. Donge liwe laini, lenye kunata kidogo. Usiliongezee unga kwa kuona taabu. Likiumuka mara mbili ya awali, litandaze kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ulitoboe vishimo kwa ncha za vidole, kisha umwagie maji kidogo yaliyokorogwa na mafuta na chumvi. Liache nusu saa, uoke katika oveni yenye moto wa nyuzi 220 kwa dakika 20 hadi 25.

Sasa uyoga, na hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Niliujaza kikaangoni pamoja na mafuta na chumvi, ukatoa maji ukajichemkia, na mkate ukalowa kama uji. Chukua nusu kilo ya uyoga wa kulimwa unaouzwa madukani. Ule unaoota porini baada ya mvua usiuguse, kwani upo unaoua na umefanana na unaolika. Ukate vipande vinene, uutie katika kikaango kikavu chenye moto mkali, kwa mafungu mawili. Utatoa maji, subiri yakauke kabisa na vipande vianze kugeuka rangi ya kahawia. Hapo ndipo utie mafuta, thomu iliyopondwa, chumvi na pilipili manga.

Kazi ya divai ilikuwa kuleta uchachu na kubandua ule ukoko ulioshika chini. Maji ya nusu ndimu na vijiko vitatu vya maji safi hufanya yote mawili. Kwaruza ukoko, uchanganye, uepue.

Watu wa Liguria husifika kwa mrehani wao. Wetu, huu tuutiao katika vikuba, una harufu kali zaidi. Majani matatu yaliyochanwa yatosha, la sivyo utadhani unakula kwenye kupamba bibi harusi. Jibini si lazima. Ukiipenda, soma kwanza karatasi yake, maana nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na hujui alichinjwaje.

Pasua mkate ungali na joto, ujaze uyoga, uukandamize kidogo kwa kiganja.

Mdogo wangu ameipika Jumamosi iliyopita. Asema ya mtaani ilikuwa na ladha nzito zaidi, ila hii amekula mbili, na mumewe akamaliza iliyobaki sinia.