Msamiati wa ushonaji bila kitambaa

Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Voi nikiwa na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, doti moja ya leso tuliyoinunua sokoni, na ahadi niliyokuwa nimeitoa bila kufikiri: kwamba gauni lake la Krismasi halingetoka dukani wala katika marobota ya mitumba, bali lingeshonwa nyumbani. Nilijiamini. Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasahihisha wanafunzi wanaochanganya badani na taharizi, au wasiojua kwamba kikwapa ni kipande cha nguo kinachotiwa chini ya kwapa la kanzu. Nilipoitandaza leso mkekani na kushika mkasi, ndipo nilipogundua kwamba sikujua hata pa kuanzia.

Aliyeniokoa ni mama yangu, ambaye wajukuu humwita nyanya na ambaye siku hizi hata sisi watoto wake humwita hivyo. Hakuuliza ruwaza iko wapi. (Neno hili ruwaza sisi wanaisimu tunalipenda sana, kila mfumo unaojirudia katika sauti au katika maumbo ya maneno tunauita ruwaza. Sijapata kumsikia fundi yeyote wa Voi akilitamka.) Alizitenganisha leso mbili za doti, akazilaza moja juu ya nyingine, jina juu ya jina, kisha akazikunja zote pamoja katikati, wima, hata zikawa tabaka nne. Akamtuma mtoto alete gauni kuukuu linalomtosha, akalikunja nalo katikati na kulilaza juu, mkunjo juu ya mkunjo. Kwa kipande chembamba cha sabuni iliyokauka akalizunguka gauni lile kwa alama nyeupe, akiacha nafasi ya vidole viwili kila upande kwa ajili ya mshono, na shibiri nzima chini, maana mtoto hukua.

Hakuliamini gauni kuukuu peke yake. Alichukua uzi akauzungusha kifuani mwa mjukuu wake, akaukata, akaukunja mara nne. "Hii ni robo yako," alimwambia. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa tabaka nne, robo hiyo ndiyo iliyotakiwa kutoka kwenye mkunjo hadi ubavuni, na hapo akaongeza vidole vitatu: viwili vya kushonea na kimoja cha kupumulia. Msomaji mpenzi, huyu ni mtoto ambaye muhula mzima alikuwa amelia machozi kwa ajili ya hesabu za sehemu. Alisimama pale akiutazama uzi ule mkononi mwa nyanya yake, kisha akaukunjua na kuukunja tena mwenyewe, mara tatu.

Shingo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Mama aliikata ndogo mno, nikamwambia kichwa hakitapita. Akanijibu kuwa shingo hupanuliwa lakini haipunguzwi. Baada ya kukata tabaka zote nne sawasawa, aliiondoa leso ya nyuma, ndipo akaishusha shingo ya mbele kwa vidole vitatu, kwa sababu koo la mtu liko mbele wala haliko kisogoni. Nyuma akakata mpasuko mfupi wa kutiwa kitanzi na kifungo, kichwa kikapita. Kina cha tundu la mkono kilikuwa shibiri moja kasoro kidole. Baadaye nilichukua utepe wa kupimia nikaipima shibiri ya mama: sentimita 19. Binti yangu akaipima yake, ikatoa 16, na akataka kujua kwa nini basi kipimo kisiwe chake maadamu gauni ni lake. Ni swali la haki. Nyanya alijibu kuwa kipimo ni cha anayekata, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kukumbuka.

Na jina la leso? Nilikuwa nimehofia kwamba mkasi ungeyakata maneno yale katikati, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa linalokaribia kuwa dhambi. Lakini mama alikuwa ameyafikiria tangu alipoanza kukunja. Jina huwa katikati, karibu na pindo la chini. Kwa hiyo urefu wote wa ziada aliuondoa juu, kwenye mabega, na pindo lenyewe likawa upindo wa gauni. Sentensi ilibaki nzima, mbele na nyuma. Vipande vya pembeni vikatoa mikono na ukanda.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nina ugomvi nalo, na ugomvi wenyewe ni juu ya lugha. Nilikuwa nimemrekodi mama kwa simu, kama ilivyo desturi mbaya ya watafiti, na usiku nikaketi kuyanukuu maneno yake. Nilitarajia kuvuna istilahi. Sikuzipata. Hakutaja badani wala lisani, si kwa Kiswahili wala kwa Kidawida, lugha aliyokuwa akiirudia kila alipohesabu. Karibu kila sentensi ilikuwa imejengwa kwa viashiria: kunja hivi, pitisha huku, kata mpaka hapa, hapa usiguse. Rekodi hiyo ukiisikiliza bila kuiona mikono yake haikufaidii kitu. Hapa ni wapi? Hivi ni vipi? Ujuzi wote umo katika ncha ya kidole chake, na maneno yake ni mishale tu inayokielekea kidole hicho.

Upande wa pili tupo sisi walimu. Sisi maneno tunayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 inayo, na vitabu vya marudio vinayapanga katika orodha za msamiati, ushonaji ukiwa mara nyingi ukurasa mmoja na useremala na uvuvi. Ni maneno mazuri, yenye historia. Badani limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwili, na kweli ndicho kipande kinachoufunika mwili. Lisani, ile sehemu inayokaa nyuma ya mpasuko wa kifua cha kanzu, asili yake ni ulimi. Kwa hiyo mvaaji kanzu hutembea na ulimi wa pili kifuani. Mtoto wa Mwatate au wa Taveta huyakariri maneno haya, huyatia katika nafasi zilizoachwa wazi, na hupata alama zake, ilhali hajapata kuigusa kanzu iliyofumuliwa. Mwenye maneno hana kitambaa, na mwenye kitambaa hana maneno. Nani atawakutanisha wawili hawa kama si mwalimu?

Wapo watakaosema kuwa kazi hiyo ilikuwa ya Sayansi Kimu. Ilikuwa, kwa kiasi fulani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo hilo lilifundishwa kwa wavulana na wasichana na kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane. Mimi ni zao la enzi hizo, na nina kovu lake. Mwaka 1993, nikiwa darasa la saba, tuliagizwa tushone kigauni cha mtoto mchanga. Nilikishona kwa msaada wa mama, kwa njia ile ile ya kukunja na kupima kwa vidole, na kikamkaa barabara mtoto wa jirani. Mwalimu alinipa alama tatu kwa kumi. Kigauni hakikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni karatasi. Sikuwa nimechora ruwaza na kuibandika daftarini, kwa hiyo kwa kadiri ya mwongozo wa kusahihisha, gauni lile halikuwa na asili. Nilipomwonyesha mama alama hizo, aliuliza kama alama nazo huvaliwa. Nilicheka wakati ule. Leo nadhani hakuwa akitania, na nadhani pia kwamba kuanzia siku hiyo niliacha kumtazama akikata nguo.

Somo lenyewe baadaye lilipungua uzito. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliliondoa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtaala wa umilisi ulilirejesha katika madarasa ya juu ya msingi, lakini masomo yalipopunguzwa mwaka 2024 halikubaki peke yake. Liliunganishwa na Kilimo. Sitaki kuomboleza sana, maana somo linalompa alama tatu kwa kumi mtoto aliyeshona nguo ikavalika halikuwa rafiki wa ushonaji.

Lakini nisiidhulumu karatasi. Ruwaza ya karatasi ni maandishi, na kazi yake ni ile ile ya maandishi yoyote: kumwezesha mtu asiyekuwapo kufanya kama aliyekuwapo. Mwaka 1863, huko Massachusetts, Ebenezer Butterick alianza kuuza ruwaza za karatasi zilizopangwa kwa saizi mbalimbali, na mama wa nyumbani asiyemjua fundi yeyote akaweza kukata vazi analolitaka. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba jimbo hilo hilo la Massachusetts ndilo lililokuwa likituletea sisi merikani, kitambaa kilichofika Zanzibar kwa merikebu, kikapanda bara kwa misafara na kupita Taita na Taveta kikiwa ndicho fedha ya njiani. Kitambaa kilifika mapema, karatasi ilichelewa, na watu hawakungoja karatasi ndipo wavae. Halafu chukua kiwanda cha nguo kilichoanzishwa na Wildlife Works kule Rukinga, karibu na Maungu, ili kuwapa wenyeji riziki nyingine badala ya kuchoma makaa na kuwinda. Fulana mia za saizi moja huwezi kuzikata kwa shibiri ya mtu. Hapo karatasi ni lazima, na mwenye kubisha hajawahi kupokea oda. Hata hivyo wilaya hii hii, ambayo sasa ni kaunti, ina akina mama wa Kasigau wanaosuka vikapu vya mkonge vyenye michoro ya kutatanisha, wakihesabu kichwani, bila mstari mmoja ulioandikwa popote.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo alinipa fundi mmoja mwenye cherehani ya miguu barazani Voi tulipompelekea gauni letu alipige mshono. Alilitazama, akasifu mabega, kisha akasema, "Dokta, kwa bei ya leso hii ungepata magauni mawili ya mitumba, na mshono wa ng'ambo." Ni kweli. Mimi sina jibu la kiuchumi, na ninawaonya walimu wanaowaambia wanafunzi kuwa kujua kushona kutawatajirisha. Fundi huyo anajua kushona. Kazi yake siku hizi, aliniambia, ni kupunguza viuno vya suruali zilizotoka Ulaya.

Jibu langu ni la darasani. Walimu wenzangu wa Kiswahili, mtaala unatutaka tufundishe insha ya maelekezo, nasi kila mwaka tunawaambia watoto waeleze jinsi ya kupika chai. Kila mtu anajua kupika chai. Kwa hiyo maelekezo mabovu hayagunduliki kamwe, msomaji huyasahihisha kichwani bila kujua. Badala yake, leta leso moja kuukuu na mkasi mmoja. Mwanafunzi mmoja aende kwa nyanya yake, au kwa fundi wa mtaani, akajifunze kukata gauni dogo, la mwanasesere hata. Arudi aandike maelekezo. Mwenzake, ambaye hakumwona nyanya huyo, ayafuate neno kwa neno, asiongeze wala asipunguze. Palipoandikwa "kunja katikati" bila kusema wima au mlalo, mkunjo utakwenda kombo mbele ya darasa zima. Palipoandikwa "kata hapa", mkasi utasimama. Hapo ndipo mtoto atakapolihitaji neno badani, kwa kuwa bila neno hilo hawezi kumwambia mwenzake ni kipande kipi, na neno lililotafutwa kwa shida hiyo halisahauliki baada ya mtihani. Kama lugha ya nyumbani ni Kidawida, Kisaghala au Kitaveta, aulize nyanya huko wanasemaje, alilete neno hilo darasani liandikwe ubaoni. Najua mtaniambia madarasa yana watoto sitini na kipindi ni cha dakika arubaini. Nimefundisha katika madarasa hayo. Leso ni moja, mkasi ni mmoja, na wengine hamsini na wanane ni waamuzi. Sijaona watoto waliochoka kumwona mwenzao akikosea.

Mimi nimeanza kwangu. Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili rekodi ya mama, sauti tupu bila picha, na kuwataka waandike maelekezo yanayoweza kutumika. Wiki mbili wamerudi na maswali ambayo sikuweza kuyajibu, kwa hiyo tumempigia simu mara nne. Mara ya mwisho alichoka na viashiria vyake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile pembe ya mkunjo, inayokaa chini ya kidevu," na kijana mmoja nyuma ya darasa akapiga kelele kwamba sasa ameelewa. Vipande vya leso vilivyosalia viko juu ya meza yangu ofisini, na mkasi nimeazima kwa fundi.