Nani Alimgeuza Msasi Kuwa Jangili?

Fungua gazeti lolote la Kiswahili humu nchini utafute habari za mtu aliyeua mnyama wa porini. Utakutana na jangili. Mwindaji utamtafuta kwa kurunzi, na ukimpata atakuwa ndani ya ngano pamoja na sungura na fisi. Hoja yangu ni kwamba badiliko hili la msamiati halikutokea bure. Limefuta kumbukumbu ya kazi iliyofanywa na jamaa na marafiki, tena kazi yenye miiko na taratibu zake, nasi wanafunzi wa Kiswahili tumelipokea bila ya kuuliza.

Nianze mbali kidogo. Binamu yangu ni muuguzi mjini Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani. Msimu mmoja alialikwa na mfanyakazi mwenzake kwenda milimani kuwinda elki. Elki, ambaye pia huitwa wapiti, ni mnyama wa aila ya ayala (neno tulilozoeshwa na watafsiri wa Biblia, maana kwetu mnyama huyo hayupo). Dume kubwa huzidi kilo 300, na pembe zake hudondoka kila mwaka zikaota upya. Walikwenda watu saba: mzee mmoja, wanawe wawili, mjukuu wake wa kike, majirani wawili na huyu mgeni kutoka Kitui. Binamu yangu hakuwa na leseni, kwa hiyo hakugusa bunduki. Kazi yake ilikuwa kuteka maji, kuchanja kuni na, elki alipoangushwa, kubeba mapande ya nyama mgongoni kupanda mteremko hadi kwenye gari. Fungu lake alipewa sawa na la aliyefyatua risasi.

Leseni nyingi huko hutolewa kwa kura, na huonyesha ni dume au jike, eneo gani na siku zipi. Kuiacha nyama inayolika ioze ni kosa la jinai. Mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa wamekaribia kutoweka Colorado, hata ikabidi wengine waletwe kutoka jimbo jirani la Wyoming. Leo jimbo hilo lina zaidi ya 200,000, na bado wanawindwa kila mwaka.

Binamu alipopiga simu nyumbani kutusimulia, nyanya yetu, ambaye babake alikuwa mpiga upinde wa kusifika, aliuliza jambo moja tu: nyama mliigawanyaje? Wadogo zetu waliokuwa kando yake walicheka wakasema, "Kumbe umekuwa jangili!" Kati ya swali la nyanya na kicheko cha wadogo zetu pana umri wa sheria moja. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi: hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo atalijulia wapi neno jingine?

Hata hivyo, tusiibebeshe sheria ya 1977 mzigo wote. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit. Katika safari yao iliyofikia Sudani mwaka 1910, baba na mwana waliua wanyama 512. Vitabu vya historia humwita mwindaji. Sasa waangalie Wawaata, ambao watu wa pwani tumewazoea kwa jina la Wasanye. Hao waliishi kwa upinde katika nyika ya Tsavo na kando ya mto Galana. Upinde wao ulikuwa mzito wa kuvuta kupindukia, sumu ya mishale walinunua kwa Wagiriama, na kila mtu alitia alama yake kwenye mshale ili mnyama akifia mbali ajulikane ni wa nani. Tsavo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Katika operesheni ya 1956 na 1957 Wawaata walikamatwa na kufungwa kwa kazi ileile waliyorithi kwa baba zao, ilhali mgeni mwenye leseni aliendelea kupiga ndovu. Mwaka 1960 wakoloni walijaribu kurekebisha mambo kwa mradi wa Galana, ambao ungewaajiri Wawaata kuvuna ndovu kihalali. Mradi wenyewe haukufika mbali.

Najua nitakalojibiwa: wewe unataka ndovu waishe? La hasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia 1989, Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, walikuwa wamepungua hadi chini ya 20,000. Sitaki marufuku iondolewe. Nchi yetu imejaa watu na bunduki, na ufisadi tunaujua. Lakini tazama tena miaka hiyo: maangamizi makubwa yaliendelea baada ya marufuku, kwa bunduki za kivita na kwa soko la ng'ambo. Mwenye upinde na mwenye bunduki ya rashasha wakavishwa jina moja. Hapo ndipo lugha ilipodhulumu.

Huko Colorado nako wenyeji walinyang'anywa ardhi, wala sitaki kukusifia. Ila Wayute, waliosalimisha milima yao kwa Mkataba wa Brunot ulioidhinishwa mwaka 1874, walibakiziwa humo haki ya kuwinda katika ardhi waliyoitoa, na jimbo linaitambua haki hiyo hadi leo. Sisi tuna maandishi gani yanayomtaja Mwaata kuwa mwindaji?

Tunayo, na yamo katika silabasi yetu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mfalme anawatuma Wasanye na Wadahalo wamletee kichwa cha shujaa. Wanafanya naye urafiki, wanakula naye kikoa, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu yake kuwaangulia wenzake. Darasani tunakimbilia usaliti na ushujaa, tukaiandikia insha siku ile Liyongo alipoyaangusha makoma kwa mishale badala ya kupanda. Sijapata kusikia mhadhiri akiuliza kikoa kile kinatuambia nini juu ya wasasi wa mwituni, watu wenye desturi ya zamu na mgawo inayoaminika kiasi cha kuweza kutumiwa kama mtego.

Fauka ya hayo, msamiati wenyewe unatuponyoka. Podo, upote, wano, chembe, rima: niliwauliza wenzangu tisa wa shahada ya uzamili, na wawili tu waliyajua yote matano. Neno msako, lililotoka porini, sasa ni la polisi wanaotafuta pombe haramu mitaani. Usasi umebaki kamusini.

Ninachopendekeza ni kidogo. Waandishi wa habari waseme jangili pale penye biashara ya magendo, na mwindaji pale penye mtu aliyetafuta kitoweo, hata kama wote wawili wamevunja sheria. Na chama chetu, ambacho kila mwaka hupanga ziara Lamu na Mombasa, kipange moja ya vijiji vya kandokando ya Galana, kibebe vinasa sauti, kiulize majina ya sehemu za upinde na jinsi nyama ilivyogawanywa. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa operesheni ya 1957 sasa anakaribia tisini.