Rugaruga, Wapanda Farasi na Porojo za Ushujaa

Ikitajwa historia ya Tabora, hakosekani wa kusema kwamba Ulaya ya kale ilikuwa na wapanda farasi wenye adabu na kiapo, ilhali kwetu walikuwapo rugaruga, wapiganaji wa watemi waliokuwa wavuta bangi na wanyang'anyi wa misafara. Dai hilo lina viungo kadhaa, na karibu vyote vimeteguka.

Wanadai mpanda farasi alizaliwa na adabu zake. Sivyo. Katika karne ya 10 na ya 11 alikuwa mtu wa silaha anayekula kwa bwana wake. Ujerumani wengi wao hawakuwa hata watu huru. Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, Ufaransa, wakawalaani wanaovunja makanisa na kupora mifugo ya maskini. Nani hukataza jambo lisilotendeka? Tenzi za mapenzi na heshima zilishamiri karne ya 12, na hata baada yake, pale Agincourt mwaka 1415, Mfalme Henry V aliamuru mateka wachinjwe.

Wanadai tena kwamba rugaruga walikuwa wahuni wasio na mpango. Basi wamtazame Mirambo, mtemi wa Urambo. Vijana wake, wengi wao mateka au watu waliokimbia kwao, walivaa vitambaa vyekundu, manyoya kichwani na bangili za pembe, na mbinu zao nyingi zilitoka kwa Wangoni. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliokuwa vitani naye, msafiri Mzungu Stanley akiwa upande wao, waliteka boma la Wilyankuru. Walipokuwa wakirudi wameelemewa na pembe na mateka, Mirambo alikuwa amewalaza watu wake majanini kando ya njia. Wakainuka kwa pamoja. Baadaye mwezi huohuo waliingia Tabora yenyewe na kumuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alichanjiana na Mirambo undugu wa damu. Huko Ukimbu, Nyungu ya Mawe, kiongozi mwingine wa rugaruga, aligawa nchi kwa watwale, yaani watawala wa chini yake, aliowateua mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wahuni?

Hoja kwamba rugaruga hawakuwa hata na farasi haistahili maneno mengi. Ndorobo huua farasi, na wawili wa Stanley walikufa safari ikiwa bado changa. Kumdharau Mnyamwezi kwa hilo ni kama kumlaumu mvuvi wa Ujiji kwa kukosa ngamia.

Lakini wapo pia wanaorukia upande wa pili na kudai kwamba rugaruga walikuwa mashujaa watukufu, walinzi wa wanyonge. Hao nao nawapinga, na shahidi wangu ni kijiji cha Kigwa. Stanley alipopita hapo Juni 1871, akikaribia Tabora, alikuta uharibifu uleule aliouona katika kijiji cha Rubuga, baada ya vita vya kugombea utemi wa Unyanyembe vilivyofuata kuondolewa kwa Mnywa Sere, mtemi aliyewatoza Waarabu ushuru. Vita vya namna hiyo ndivyo vilivyowalea rugaruga: kijana asiye na shamba wala kwao alipata bunduki, bwana na fungu la nyara.

Na bwana akibadilika, kazi iliendelea. Kati ya 1905 na 1907 rugaruga walipigana upande wa Wajerumani dhidi ya Majimaji, wakichoma maghala na mashamba ya Waafrika wenzao. Anayetaka kuwalinganisha na wapanda farasi wa Ulaya ana haki kabisa, mradi aanzie kwa mkulima aliyeporwa.