DEREVA ASINZIAYE APIMWE, ASIFUKUZWE



Reli haijafika Garissa. Mwezi wa Machi 2012 kazi ya bandari ya Lamu ilizinduliwa pamoja na mpango wa njia ya reli ya kupitia Garissa hadi Isiolo. Bandari imekwisha anza kupokea meli, lakini reli bado ni maneno ya karatasi. Kwa hiyo mizigo tunayoishusha sisi watu wa reli Nairobi, ikiwa yaenda Garissa, Wajir au Mandera, hupakiwa katika malori. Ndugu zetu madereva na mataniboi huichukua safari ya zaidi ya kilomita 350 kabla hata ya kuliona daraja la Mto Tana, na wa Mandera wakifika hapo hawajamaliza hata nusu ya njia. Kazi yetu na yao ni mnyororo mmoja. Ndiyo sababu twataka kusema neno juu ya usingizi wa mfanyakazi.

Garissa ni mji wa joto, na watu wengi hulala uani juu ya mikeka. Kila mtu humsikia mwenzake anavyokoroma. Mtu akikoroma kwa nguvu husemwa, "Huyu amechoka, ana usingizi mzito." Kisha sauti hukatika ghafula, ikawa kimya. Baada ya kitambo hushtuka, akavuta pumzi kama mtu atokaye majini, akaanza tena. Watu hucheka. Ndugu, hilo si jambo la kuchekwa. Ni ugonjwa.

Madaktari huuita apnia ya usingizi, maana yake ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno hata njia ya hewa ikafungika. Kifua chavuta, lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humwamsha kidogo ili koo lifunguke. Mwenyewe hajui kwamba ameamka. Kila mkato huchukua sekunde 10 au zaidi, na mwenye ugonjwa mkali hukatika mara 30 au zaidi kwa saa moja. Hesabuni wenyewe: katika saa 7 za usiku ni mara 210. Je, mtu huyo amelala? Amelala kitandani, lakini ubongo wake umekesha.

Wala si ugonjwa wa wachache. Wataalamu walikadiria mwaka 2019 kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanao, ama kidogo ama sana. Wengi wao hawajui.

Madhara yake ya kwanza ni kusinzia mchana. Ya pili ni akili. Mtu huamka na kichwa kizito, aambiwapo neno halimkai, husahau hesabu ya magunia, hukasirika upesi. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walitoa habari za wanawake wazee 298 ambao akili zao zilikuwa timamu walipoanza kuangaliwa. Baada ya miaka kadhaa, katika wale wenye kukatika pumzi usingizini, karibu 45 kwa kila 100 walikuwa wamepungukiwa na akili au wameingia katika ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Katika wale waliopumua vizuri walikuwa 31 kwa kila 100. Hatusemi kila akoromaye atapotewa na akili. Wataalamu wenyewe bado wapimana hoja kama ugonjwa huu ndio sababu au huandamana tu na sababu nyingine, kama shinikizo la damu. Lakini tofauti hiyo yatosha kumfanya mtu mwenye busara asikae kimya.

Tena kuna habari njema. Mwaka 2014 madaktari wa Milan, Italia, waliandika juu ya wanaume 17 wenye ugonjwa mkali. Picha za ubongo wao zilionyesha kwamba nyuzi za ndani zimeharibika. Walitibiwa kwa mashine ya kupuliza hewa, na baada ya miezi 12 uharibifu huo ulikuwa karibu kwisha wote. Mashine hiyo ilianzia Australia, ambako daktari Colin Sullivan na wenzake waliitangaza mwaka 1981. Haina uchawi: ni pampu ndogo yenye mpira na kifuniko cha pua, ambayo husukuma hewa usiku kucha ili koo lisifungike.

Sasa twaja kwenye kazi. Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi, gari la moshi la abiria mjini New York liliingia katika kona iliyotakiwa kupitwa kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, nalo likaingia kwa mwendo wa kilomita 130. Watu 4 walikufa. Wachunguzi waliona kwamba dereva alikuwa amesinzia. Alipopimwa baadaye alionekana ana apnia kali ambayo haikujulikana, na tena alikuwa amebadilishiwa zamu kutoka mchana kwenda alfajiri majuma machache kabla. Tarehe 29 Septemba 2016 gari jingine liligonga mwisho wa reli kituoni Hoboken, New Jersey. Mtu mmoja aliyekuwa kituoni alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Dereva wake naye alikutwa na ugonjwa huo huo, haujapimwa.

Na hao ni watu wa reli, ambao wana ishara za njiani, na garimoshi nyingi zina kikanyagio ambacho mguu ukiondoka breki hushika zenyewe. Dereva wa lori katika barabara ya Garissa ana nini? Ana taniboi aliyelala pembeni, na ana miraa. Miraa humfumbua mtu macho, lakini haimfungui koo. Humwibia usingizi wa leo, na usingizi wa kesho hukatwa na ugonjwa. Hivyo deni lakua kila siku.

Sheria yetu ya Trafiki yakataza dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha zaidi ya muda wa saa 8 katika siku moja. Ni sheria njema, na twataka ifuatwe. Lakini sheria hiyo huhesabu saa za usukani tu, haihesabu pumzi za usiku. Mtu aweza kupumzika saa zote alizopewa akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Je, matajiri hufanya nini? Dereva akisinzia, barua huandikwa: mzembe. Karani akisahau, barua huandikwa: hafai. Bawabu akikutwa anakoroma saa tisa za usiku, hata barua hapewi, huambiwa aende nyumbani. Hakuna anayeuliza, "Mtu huyu alalaje?" Mgonjwa huondoka na ugonjwa wake, huenda kuomba usukani mahali pengine, na barabara yabaki na hatari ile ile.

Wengine kati yetu watasema, "Mkiomba tupimwe, mwampa tajiri kisu cha kutuchinjia." Hofu hiyo ina haki yake. Basi twasema: mapatano kwanza, kipimo baadaye. Tena tuwaonyeshe matajiri hesabu. Mwaka 2016 zilitolewa habari za kampuni moja kubwa ya malori ya Marekani iliyopima madereva wake. Wagonjwa waliokataa matibabu walikuwa na ajali kubwa za kuepukika mara 5 kuliko wenzao wazima. Wale waliotumia mashine sawasawa hawakuwa na ajali zaidi ya mtu mwingine yeyote. Maana yake, dereva aliyetibiwa ni dereva mzima. Kumfukuza ni kutupa ujuzi wa miaka mingi, na kumwajiri asiyepimwa mahali pake ni kununua hatari mpya.

Wala tusingoje Serikali itutungie sheria. Huko Marekani wakubwa wa reli na barabara walianza mwaka 2016 kufikiri sheria ya kuwapima madereva. Mwezi wa Agosti 2017 wakaiacha. Chama ndicho kianze.

Twataka mambo manne.

1. Kila mfanyakazi wa usukani na wa zamu ya usiku aulizwe maswali manane ambayo madaktari wa Toronto waliyatoa mwaka 2008: je, wakoroma kwa nguvu, wachoka mchana, kuna aliyekuona umekatika pumzi, una shinikizo la damu, una unene mwingi, umepita miaka 50, shingo yako yazidi sentimita 40, u mwanamume? Kazi hii yahitaji karatasi na futi ya fundi cherehani tu. Yaweza kuanza Garissa kesho.

2. Atakayejibu "ndiyo" mara tatu au zaidi apelekwe kwa daktari kwa kipimo cha usingizi, kwa gharama ya mwajiri, na siku zake za safari zilipwe. Kuna vipimo vidogo vya kufunga kidoleni na puani ambavyo mtu hulala navyo kwake. Si haki mtu wa Wajir au Mandera akose kipimo kwa sababu ya umbali.

3. Aliyekutwa na ugonjwa apewe kazi ya chini kwa mshahara ule ule mpaka atibiwe, kisha arudi usukanini. Mashine ni ghali kwa mishahara yetu, basi bima na mwajiri wagawane bei.

4. Asifukuzwe mtu kwa kusinzia kabla ya kusikilizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yampa mfanyakazi haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama. Mwakilishi aulize habari za usingizi kabla ya kuuliza habari za uzembe.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Ulizeni wake zenu na jamaa mnaolala nao jinsi mnavyopumua, kwa maana mlalaji hawezi kujishuhudia. Laleni ubavu, si chali. Aliye mnene apunguze unene. Pombe na dawa za usingizi huzidi kulegeza koo, tuziache. Na usiku wa leo, mwenzako akikoroma kisha akanyamaza, usicheke. Hesabu sekunde. Zikifika 10, na ikawa tena na tena, mwambie asubuhi, kisha mlete ofisini kwa chama kabla hajapanda lori.